Graham Ingels na Bibi Mchawi Wake

Graham Ingels alizaliwa mwaka wa 1915 huko Cincinnati, Marekani. Baba yake alikuwa mchoraji wa matangazo. Alipofariki, Graham alikuwa na miaka 14 tu, na tangu hapo kalamu ikawa jembe lake.

Mwaka wa 1948 aliingia katika kampuni ya EC Comics, New York. Alichora hadithi za wachunga ng'ombe na za wahalifu, lakini hakung'ara. Mwaka wa 1950 kampuni hiyo ilianzisha magazeti matatu ya hadithi za picha za kutisha. Kila moja lilikuwa na mwenyeji wake: wawili wanaume, na wa tatu mwanamke, Bibi Mchawi wa The Haunt of Fear. Kazi yake ilikuwa ile ya mtambaji wa ngano: kumpokea msomaji mlangoni, kusema naye ana kwa ana, kutia mzaha ndani ya hofu, kisha kurudi mwishoni kufunga hadithi. Anayesoma fasihi simulizi atamtambua mara moja.

Mwanzoni wachoraji wengine pia walimchora, na sura yake haikutulia. Ingels ndiye aliyempa uso wa kudumu: jicho lililotoka nje, nywele chache zilizochakaa, ute mdomoni. Mwaka wa 1952 Bibi Mchawi akapewa hata ukoo, katika hadithi iliyosimulia ndoa ya wazazi wake, vampaya na mtu anayegeuka mbwa mwitu. Ingels naye alitia sahihi kwa jina la Ghastly, yaani Wa Kutisha. Mchoraji na mhusika wakawa wa nyumba moja.

Mwaka wa 1954 kamati ya Seneti ilikutana New York kuchunguza kama magazeti hayo yanaharibu watoto. Wachapishaji wenyewe wakatunga kanuni zilizokataza vampaya na wafu wanaotembea. Hata maneno yenye maana ya hofu na kitisho yalikatazwa katika majina ya magazeti. Sisi wanafunzi wa lugha tusimame hapo: neno lilihukumiwa pamoja na picha. The Haunt of Fear lilikufa katika toleo la 28.

Ingels hakupoteza kazi tu. Jina lililomtukuza likageuka doa. Alifundisha uchoraji katika shule ya masomo kwa njia ya posta huko Connecticut, kisha akahamia Florida, akaendelea kufundisha. Mashabiki walipomtafuta, kwa miaka mingi aliwakatalia. Ilikuwa karibu na mwisho wa maisha yake alipokubali kumchora tena Bibi Mchawi, safari hii kwa rangi za mafuta.

Alifariki mwaka wa 1991. Magazeti yale yamechapishwa upya, na Bibi Mchawi bado anawapokea wasomaji mlangoni, kwa uso aliopewa na mtu ambaye kwa muda mrefu hakutaka kuulizwa habari zake.