Pavlov, Mbwa na Kiboko

Utotoni kwetu Kisegi, mbwa wa kuwinda tulimfunza kwa fimbo, tukidhani hofu ndiyo mama wa utii. Niligeuza mawazo niliposoma maisha ya Ivan Pavlov.

Alizaliwa mwaka 1849 huko Ryazan, Urusi, mwana wa kasisi. Aliacha seminari, akaingia chuo kikuu, na mwaka 1904 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula tumboni. Hakuwa malaika: mbwa wake aliwapasua. Lakini alionyesha kuwa mbwa hudondokwa na mate kwa ishara tu, iwapo amezoea kuona chakula kikiifuata. Wanaoshindanisha mbwa kwa utii na kuruka viunzi hutumia siri hiyo: mlio mdogo, kisha kipande cha nyama.

Mwaka 1924 mafuriko yaliikumba Leningrad. Mbwa wa Pavlov waliponea chupuchupu, na baadhi yao wakapoteza waliyofunzwa. Hofu ilifuta elimu.

Pavlov alifariki mwaka 1936. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, ila wapo walimu na wazazi ambao wangali wanakililia. Na wajiulize: je, wanafundisha, au wanafuta?