Bomani: Mtu wa pamba aliyepelekwa Washington

Imezoeleka kusema kwamba Marekani na Ulaya ni kitu kimoja. Mimi niko Bariadi, mkoani Simiyu, nchi ya pamba, na kila nikisikia kauli hiyo humkumbuka marehemu Paul Bomani.

Alizaliwa mwaka 1925, Ikizu, Musoma. Miaka ya 1950 aliwaunganisha wakulima wa pamba wa Usukuma, ambao walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria. Baada ya Uhuru akawa Waziri wa Fedha, lakini mwaka 1965 wapiga kura wakamwangusha.

Mwaka 1972 alipelekwa kuwa balozi Washington, akakaa huko hadi 1983. Hapa ndipo penye somo. Uingereza ilikuwa imeomba Umoja wa Mataifa uiwekee vikwazo serikali ya Ian Smith huko Rhodesia. Marekani, rafiki yake mkubwa, mwaka 1971 ikajitungia sheria ya kuruhusu kununua tena madini ya kromi ya Rhodesia. Vikwazo vikawa chekeche! Sheria hiyo ilifutwa Machi 1977, wakati wa Rais Carter.

Mwaka 1979 kibao kikageuka. Thatcher aliingia madarakani London akielekea kuitambua serikali ya Muzorewa. Carter akakataa kuondoa vikwazo. Huku Marekani imekataa, huku Nigeria imetaifisha mafuta ya BP, na nchi za mstari wa mbele, Tanzania ikiwemo, hazilegezi kamba. Thatcher akaitisha mkutano wa Lancaster House, na tarehe 18 Aprili 1980 Zimbabwe ikawa huru.

Sisemi Bomani ndiye aliyeyafanya hayo. Ninachosema ni kuwa nchi maskini ilikuwa na haja ya mtu Washington, kwa sababu mlango wa London wakati mwingine hufunguliwa kutokea huko.

Mkulima wa Bariadi halihitaji darasa kwa hili. Wanunuzi wakiafikiana bei, umekwisha. Wakitofautiana, unapata pa kusemea, ila kama mmeungana. Walio mmoja mmoja hupunjwa hata wakubwa wakigombana.

Bomani alifariki mwaka 2005. Je, sisi leo tumeungana, au kila mmoja na mzigo wake kwenye mizani? Tutafakari.