Filippo Brunelleschi: Fundi Aliyeificha Siri Yake Hadharani

Utangulizi

Anayeukaribia mji wa Florence, nchini Italia, huliona kuba kabla ya kuuona mji wenyewe. Ni kuba la matofali mekundu lenye mbavu nane za marumaru nyeupe, na limesimama juu ya Kanisa Kuu la Santa Maria del Fiore tangu mwaka 1436. Aliyelijenga, Filippo Brunelleschi, hakuacha kitabu cha kuieleza kazi hiyo, wala mchoro kamili wa kuwaongoza waliokuja baada yake. Kwa hivyo, atakaye kuyasoma maisha yake hana budi kuyasoma kwa miguu, akitoka jengo hadi jengo. Makala haya yanaifuata njia hiyo. Yanadhihirisha kwamba usiri uliomkinga fundi huyu dhidi ya mahasimu wake ndio uliowanyima warithi wake sehemu ya elimu yake.

Mabamba Mawili

Matembezi yanaanzia Bargello, jumba la kale la mawe ambalo siku hizi ni jumba la makumbusho. Humo ukutani yametundikwa mabamba mawili ya shaba nyeusi, ubavu kwa ubavu, yote yakisimulia kisa kimoja: Ibrahimu akimtoa sadaka mwanawe Isaka. Moja ni la Brunelleschi na la pili ni la Lorenzo Ghiberti.

Brunelleschi alizaliwa Florence mwaka 1377. Babaye, Ser Brunellesco di Lippo, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria na alimtazamia mwanawe afuate kazi ya kalamu. Kijana alivutiwa zaidi na uchoraji na ufundi wa mikono, naye baba hakumzuia. Akajifunza usonara, na mwaka 1398 akajiunga na chama cha wafanyabiashara wa hariri, ambacho pia kiliwasajili masonara.

Mwaka 1401 yalitangazwa mashindano ya kumtafuta fundi wa kuitengeneza milango ya shaba ya Jumba la Ubatizo lililo mkabala na kanisa kuu. Mafundi saba walishindana, na mwishowe wakabaki vijana wawili, Brunelleschi na Ghiberti, kila mmoja akiwa na umri wa miaka ishirini na ushei. Anayeyatazama mabamba yao leo hukiona chanzo cha mzozo wa maisha yao yote. Katika bamba la Brunelleschi, malaika anaushika mkono wa Ibrahimu kisu kikiwa tayari shingoni mwa mtoto. Kila kiungo kimejaa taharuki. Bamba la Ghiberti ni tulivu, laini na lenye mpangilio wa kupendeza. Aidha, Ghiberti alilimimina bamba lake karibu lote kwa mkupuo mmoja na kutumia shaba kidogo zaidi, ilhali mwenzake aliunga vipande kadhaa. Ghiberti akapewa kazi.

Masimulizi ya tukio hili yanakinzana. Ghiberti mwenyewe aliandika kwamba waamuzi wote walimkubali bila mgawanyiko. Antonio Manetti, aliyeandika wasifu wa Brunelleschi, anadai kwamba waamuzi walitaka wawili hao washirikiane, na Brunelleschi akakataa. Lolote liwalo, aliyeshindwa aliipa kisogo sanaa ya kumimina shaba na kuelekeza macho yake kwenye majengo.

Mlango na Kioo

Kutoka Bargello hadi uwanja wa kanisa kuu ni mwendo wa dakika chache. Kabla ya kuwa mjenzi wa uwanja huo, Brunelleschi alikwenda Roma. Manetti anasimulia kwamba alifuatana na mchongaji Donatello, wakawa wakipima magofu ya Warumi na kufukua misingi yake, hata wenyeji wakawadhania kuwa wasaka hazina. Hazina waliyoitafuta ilikuwa vipimo: urefu wa nguzo, upana wa matao, namna Warumi walivyozifunika nafasi kubwa bila nguzo za katikati.

Alipokuwa Florence alifanya jaribio lililobadilisha historia ya uchoraji. Alisimama ndani kidogo ya mlango wa kati wa kanisa kuu, akalichora Jumba la Ubatizo kwenye ubao mdogo, kisha akautoboa ubao huo tundu. Mtazamaji alisimama nyuma ya ubao, akachungulia tunduni, huku mkono wake wa pili ukishika kioo kilichoiakisi picha. Penye anga hapakupakwa rangi. Fundi alibandika fedha iliyosuguliwa ili mawingu ya kweli yaakisiwe yakipita. Kioo kilipoondolewa, jumba lenyewe lilionekana pale pale lilipokuwa pichani. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba ukubwa wa vitu hupungua kwa kipimo maalumu kadiri vinavyokuwa mbali, na kwamba mistari sambamba huonekana ikikutana kwenye nukta moja. Ubao wenyewe ulipotea. Tungekuwa hatujui lolote kuuhusu lau Manetti hangeandika.

Nyumba ya Watoto Walioachwa

Barabara iitwayo Via dei Servi inatoka kwenye kanisa kuu na kunyooka hadi uwanja wa Santissima Annunziata. Hapo pana baraza ndefu yenye matao tisa yaliyobebwa na nguzo nyembamba za mawe ya kijivu. Hii ni Ospedale degli Innocenti, nyumba ya kuwalea watoto wachanga walioachwa na wazazi wao. Chama cha hariri kiligharimia ujenzi ulioanza mwaka 1419, na mtoto wa kwanza alipokelewa mwaka 1445.

Uzuri wa baraza hii umo katika hesabu yake. Umbali baina ya nguzo na nguzo unalingana na kimo cha nguzo, na pia na kina cha baraza, hivi kwamba kila sehemu ni mchemraba uliofunikwa kwa tao. Mpita njia huenda asiipige hesabu hiyo, ila utulivu wake ataupata. Yafaa kukumbuka kwamba utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya mwana wa mfalme. Ulibuniwa kwa ajili ya mtoto asiye na jina, aliyeletwa na mtu asiyetaka kujulikana. Sanamu za vitoto vilivyofungwa nguo, zinazoonekana juu ya nguzo, ziliongezwa na Andrea della Robbia mwaka 1487, fundi mkuu akiwa amekwisha kufariki.

Kuba

Ukirudi kwenye kanisa kuu unakabiliana na kazi iliyoyameza maisha ya Brunelleschi. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka 1296 chini ya Arnolfo di Cambio. Vizazi vilivyofuata viliazimia kulipa kuba kubwa kupindukia, nao hawakujua lingejengwaje. Pengo lililosubiri kufunikwa lilikuwa na upana wa takriban mita 44, na lilianzia zaidi ya mita 50 kutoka ardhini. Kwa desturi ya wakati ule, tao lilijengwa juu ya kiunzi cha mbao kilichoyashikilia mawe mpaka chokaa ikauke. Kwa pengo kama hili, mbao za kutosha zingekuwa adimu, na kiunzi chenyewe kingelemewa na uzito wake.

Mwezi wa Agosti 1418 yalitangazwa mashindano mengine, na tuzo ilikuwa florini 200. Brunelleschi alidai kwamba angelijenga kuba bila kiunzi cha aina hiyo. Waamuzi walipomtaka aeleze jinsi, alikataa kufichua mbinu yake. Giorgio Vasari, aliyeandika karne moja baadaye, anasimulia kwamba aliwataka mahasimu wake wasimamishe yai wima juu ya marumaru. Wote waliposhindwa, aliligonga kitako likasimama. Walipolalamika kwamba hata wao wangeweza kufanya hivyo, aliwajibu kwamba hata kuba wangelijenga, laiti wangeuona mpango wake. Kisa hiki huenda ni hekaya, lakini kinaisawiri barabara hulka ya mwenyewe.

Mwaka 1420 aliteuliwa kuisimamia kazi, na kwa uchungu wake Ghiberti akateuliwa kuwa mshirika wake. Mbinu yake ilikuwa na mihimili mitatu. Kwanza, alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, ili kupunguza uzito. Ngazi hupita baina yake. Pili, alilizungushia kuba minyororo ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, pamoja na mmoja wa mbao, mithili ya pete za pipa, ili kuta zisitanuke. Tatu, aliyapanga matofali kwa mtindo wa mifupa ya samaki. Kila baada ya matofali machache ya kulala, tofali moja lilisimamishwa wima na kuwabana majirani zake wasiteleze kabla ya chokaa kushika. Kila duara lilipokamilika lilijishikilia lenyewe, nalo likawa msingi wa duara lililofuata. Matofali yaliyotumika yanakadiriwa kuzidi milioni 4.

Mizigo ilipandishwa kwa mtambo aliouunda mwaka 1421, uliozungushwa na maksai. Uliweza kubadilishwa ili kushusha mzigo bila maksai kufunguliwa na kugeuzwa. Waashi aliwaelekeza kwa vielelezo vya nta, vya udongo, hata vya mboga za mizizi alizozichonga kwa kisu. Kila fundi alikijua kipande chake. Ramani nzima ilibaki kichwani mwa mtu mmoja.

Vasari anaeleza pia jinsi alivyomwondolea Ghiberti heshima. Ulipofika wakati wa kuufunga mnyororo wa mbao, Brunelleschi alijitia mgonjwa, akajilaza kitandani. Mshirika wake alipoachiwa kazi, ikamshinda mbele ya waashi. Mwaka 1426 mshahara wa Brunelleschi ulipandishwa hadi florini 100 kwa mwaka, ilhali Ghiberti aliendelea kulipwa florini 36.

Malumbano na Maanguko

Brunelleschi alikuwa pia mshairi, jambo litakalomvutia mwanafunzi wa fasihi. Giovanni da Prato, msomi aliyelipinga kuba, alimtungia soneti ya kumkejeli, naye akamjibu kwa soneti iliyofuata vina vile vile. Wanaoyafahamu malumbano ya malenga wa Mombasa na Lamu katika zama za Muyaka bin Haji watautambua mara moja ugomvi wa aina hii, ambamo kuyashika mapigo ya hasimu ni nusu ya ushindi.

Si kila alichokigusa kilifaulu. Mwaka 1421 alipewa na serikali ya Florence hataza ya chombo cha kusafirishia marumaru katika Mto Arno, mojawapo ya hataza za kale zaidi zinazojulikana. Chombo hicho kilizama na shehena yake, naye akapata hasara kubwa. Mwaka 1430, katika vita dhidi ya mji wa Lucca, alijaribu kuyageuza maji ya mto ili yauzingire mji huo. Watu wa Lucca walilibomoa boma la maji, na mafuriko yakaikumba kambi ya Florence yenyewe. Mwaka 1434 alitiwa gerezani kwa kutolipa ada ya chama cha waashi. Wasimamizi wa kanisa kuu waliingilia kati, akaachiliwa baada ya siku 11. Mwaka huo huo Andrea, mtoto wake wa kulea, alitorokea Naples na fedha na vito vyake, kisha akarejeshwa.

Kanisa liliwekwa wakfu na Papa Eugenius wa Nne tarehe 25 Machi 1436, na mwezi wa Agosti kuba likafungwa. Brunelleschi alishinda pia mashindano ya kubuni kibanda cha marumaru cha kukikalia kilele chake. Alifariki Aprili 1446, kazi ya kibanda hicho ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ng'ambo ya mto, kanisa la Santo Spirito, alilolibuni, lilikuwa nalo bado linangoja nguzo zake.

Hitimisho

Mariano Taccola, mhandisi wa Siena, aliyahifadhi kwa maandishi mawaidha aliyopewa na Brunelleschi: asiwafunulie wengi uvumbuzi wake, kwani wajinga huukejeli kwanza, kisha huuiba na kujitwalia sifa. Kwa mtu aliyeshindwa akiwa kijana na kulazimishwa kumbeba hasimu wake kama mshirika, hofu hiyo inaeleweka. Hata hivyo ilikuwa na gharama. Wataalamu wangali wakijadili jinsi alivyoyaongoza matofali yale kwa usahihi katika pembe nane.

Leon Battista Alberti alishika njia nyingine. Kanuni za uchoraji zilizotokana na majaribio kama lile la kioo aliziandika kwa Kilatini na pia kwa Kitoscana, lugha iliyosemwa mitaani Florence, na nakala ya Kitoscana akamtunukia Brunelleschi mwaka 1436. Kwa kitabu hicho, fundi asiyejua Kilatini aliweza kujifunza alichokivumbua fundi mwenzake. Elimu ya mtazamo ilienea Ulaya nzima. Ile ya kuba ilibaki ndani ya kuta. Kwa wanaokishughulikia Kiswahili kama lugha ya taaluma, tofauti hiyo inatosha kuwa funzo.

Matembezi yanaishia upande wa kusini wa kanisa kuu. Huko pana sanamu ya Brunelleschi iliyochongwa na Luigi Pampaloni katika karne ya 19. Ameketi, ramani iko mapajani, macho ameyainua kulitazama kuba. Kaburi lake, lililosahaulika kwa karne nyingi, liligunduliwa chini ya sakafu ya kanisa hilo mwaka 1972. Mchongaji alimpa ramani ambayo mwenyewe hakuiacha, na wageni wapandao ngazi 463 hadi kileleni hupita baina ya makuba mawili, wakiyagusa kwa mikono matofali yasiyowaambia yote.