Dooley Wilson: Mpiga Dramu Aliyekumbukwa kwa Piano

Katika mchezo wa kuigiza wa shule yetu nilipewa nafasi ya tarishi mwenye sentensi moja, nikaona haya. Laiti ningalimjua Dooley Wilson.

Alizaliwa Tyler, Texas, Marekani, mwaka 1886. Katika miaka ya 1920 aliongoza bendi yake huko Ulaya, akiimba na kupiga dramu. Alipoingia katika filamu, mtu mweusi alipewa zaidi nafasi za watumishi, naye akazicheza kwa bidii.

Mwaka 1942 alicheza kama Sam, mpiga piano wa filamu ya Casablanca. Piano hakuijua. Elliot Carpenter aliipiga pembeni, naye Wilson akaiga mikono ya mwenzake huku akiimba kwa sauti yake mwenyewe. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, lakini katika filamu Wilson aliendelea kupewa zaidi nafasi za kando. Alifariki mwaka 1953. Kipaji hakikupungua, mlango ndio uliofungwa.

Nanyi wadogo zetu mlioko shuleni, mkipewa sentensi moja, isemeni vizuri. Nasi tunaogawa nafasi, tusiwapime watu kwa rangi wala kabila.