Ibn Khaldun

Ibn Khaldun (kwa Kiarabu: ابن خلدون, Tunis, 27 Mei 1332 – Kairo, 17 Machi 1406) alikuwa mwanahistoria, kadhi na mwanasiasa Mwarabu wa Afrika Kaskazini. Anajulikana hasa kwa kitabu chake *Muqaddima* (yaani "Utangulizi"), ambamo alieleza kwa nini binadamu wanahitaji kushirikiana, jinsi utawala unavyolinda ushirikiano huo, na jinsi utawala huohuo unavyoweza kuuvunja.

Maisha

Ukoo wake ulikuwa na asili ya Hadhramaut (leo nchini Yemen), ukaishi muda mrefu Sevilla, Hispania, kabla ya kuhamia Afrika Kaskazini katika karne ya 13. Ibn Khaldun alisoma Kurani, sheria na mantiki. Mnamo 1348-1349 tauni iliwaua wazazi wake na walimu wake wengi.

Akiwa kijana aliajiriwa kama mwandishi katika ikulu ya Tunis, kisha akaenda Fez, Moroko. Huko alishukiwa kula njama dhidi ya sultani Abu Inan, akafungwa gerezani kuanzia 1357 hadi sultani huyo alipofariki mwaka 1358. Baadaye alihamia Granada, na mwaka 1364 alitumwa kama balozi kwa Pedro, mfalme wa Kastilia. Mfalme huyo alitaka abaki naye na kuahidi kumrudishia mali ya ukoo wake, lakini alikataa.

Mwaka 1365 alishika cheo cha juu serikalini katika mji wa Bejaia (leo nchini Algeria), akapanda milimani kukusanya kodi kutoka kwa makabila ya Waberberi. Mwaka uliofuata mtawala wake aliuawa vitani. Kwa miaka iliyofuata aliendelea kuwatumikia watawala walioshindana, mara nyingi akiwatafutia askari miongoni mwa makabila.

Mwaka 1375 aliachana na siasa akakaa na familia yake karibu miaka minne katika ngome ya Ibn Salama, Algeria. Hapo ndipo alipoandika *Muqaddima*, aliyoikamilisha mwaka 1377.

Mafundisho

Kwa maoni yake, mtu mmoja hawezi kujilisha peke yake: hata mkate unahitaji mkulima, msagaji, mwokaji na mhunzi wa kutengeneza zana. Lakini watu wanaoishi pamoja hudhulumiana, hivyo lazima awepo mwenye mamlaka ya kuwazuia.

Mamlaka hayo hutokana na *asabiya*, yaani mshikamano wa watu walio tayari kufa kwa ajili ya wenzao. Mshikamano huo huwa na nguvu zaidi kati ya makabila ya jangwani na milimani, ambayo hayana kuta wala askari wa kuyalinda. Kundi lenye mshikamano huteka miji na kuanzisha dola. Kisha mtawala hujitenga na wenzake, huishi kwa anasa na hutegemea askari wa kulipwa. Kwa kawaida dola hudumu vizazi vitatu, kila kimoja kikiwa na miaka 40 hivi, halafu kundi jingine huiangusha.

Aliandika pia kwamba dola changa hutoza kodi ndogo na kupata mapato makubwa, kumbe dola inayozeeka hutoza kodi kubwa na kupata kidogo. Watu wanaponyang'anywa mali au kulazimishwa kufanya kazi bila malipo, huacha kujituma, na miji hubaki mahame.

Misri na kifo

Mwaka 1382 alihamia Misri, akafundisha Kairo. Mwaka 1384 sultani Barquq alimteua kuwa kadhi mkuu wa madhehebu ya Maliki. Mwaka huohuo familia yake ilikuwa ikimfuata kwa meli, nayo ikazama karibu na Aleksandria. Baadaye aliondolewa katika ukadhi na kurudishwa mara kadhaa.

Mwaka 1401, Dameski ilipozingirwa na Timur, alishushwa kwa kamba kutoka ukuta wa mji ili kuonana na mshindi huyo. Alirudi salama Kairo, alipofariki akiwa bado kadhi. Leo wengi humhesabu kati ya watangulizi wa elimu ya jamii na ya uchumi.