Tabibu Aliyeyajua Matumbo

Miongoni mwa wageni waliopita kisiwani Mombasa, wakapanda gari la moshi kuelekea Uganda, ni Sir Frederick Treves, ambaye kitabu cha safari yake kilichapishwa mwaka 1910. Mgeni huyo ndiye aliyempasua tumbo mfalme wa Uingereza.

Treves alizaliwa Dorchester mwaka 1853, akawa mpasuaji mashuhuri wa hospitali ya Whitechapel, London. Elimu aliyoizamia ni ya kufunga kwa matumbo. Ngiri ya kinena, ambayo wengi wetu twaiita mshipa, uvimbe wake huonekana. Lakini iko ngiri ya ndani, nayo ni adimu. Utumbo hupenya katika tundu la utando unaoushikilia, ukanaswa humo. Nje hapana uvimbe wa kushika. Mgonjwa huumwa, hutapika, tumbo hujaa, choo na upepo havipiti.

Mwaka 1885, baada ya kuchunguza maiti 100, Treves alieleza sehemu ya utando huo isiyo na mishipa ya damu, karibu na mwisho wa utumbo mwembamba. Hapo ndipo mtu huweza kuzaliwa na tundu. Hadi leo sehemu hiyo yaitwa kwa jina lake. Siku hizi picha ya CT husaidia kuitambua ngiri hiyo, na dawa yake ni kisu: utumbo huchomolewa, tundu likashonwa. Ukicheleweshwa hufa, na kipande kilichokufa hakina budi kukatwa.

Tarehe 24 Juni 1902, siku mbili kabla ya kutawazwa, Mfalme Edward wa Saba alikuwa na usaha wa kidole tumbo. Alitaka sherehe itangulie. Treves akakataa katakata, akampasua. Mfalme alipona, akatawazwa tarehe 9 Agosti.

Lakini mwaka 1900 tabibu huyo huyo alikuwa amemzika bintiye kwa maradhi ya kidole tumbo. Naye ajali yake ilimkuta Lausanne, Uswisi, mwaka 1923, kwa kuoza utando wa tumbo. Mganga hajigangi.

Basi, ndugu msomaji, mtu wako akishikwa na tumbo, akawa atapika na choo kimefunga, usimkande wala usimnyweshe haluli. Mkimbize hospitali. Kuchelewa ndiko kuuako.