Harold Storey, Mchunguzi wa Amani

Ukipita katika mashamba ya Kasanda, au po pote katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, utaona mahindi na mihogo. Yatazame majani kwa makini. Huenda ukakuta mhindi wenye milia ya njano, au muhogo wenye batobato, majani yake yamejikunja. Mimea ya namna hiyo huzaa haba, na nyumba hupungukiwa na chakula. Mtu aweza kudhani kwamba udongo umechoka. Katika somo hili utasoma habari za mtu aliyetafuta sababu ya kweli.

Harold Haydon Storey alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1894. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi Afrika ya Kusini. Huko alionyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo arukaye, ambaye hufyonza utomvu wa majani. Mdudu huyo hubeba virusi, yaani viini vya ugonjwa visivyoonekana hata kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1928 Storey alihamia kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanga.

Hapo Amani alitambua jambo la ajabu. Wadudu wa aina moja, waliofyonza mmea mmoja mgonjwa, hawakuwa sawa. Wengine waliueneza ugonjwa. Wengine hawakuweza kabisa. Je, wewe ungefanyaje ili kujua sababu? Storey aliwatenga wadudu hao, akawazalisha kizazi baada ya kizazi, na kuwahesabu. Alipomkutanisha dume mwenye uwezo na jike asiye nao, watoto majike waliupata uwezo, lakini watoto madume hawakuupata. Hivyo alifahamu kwamba uwezo huo hurithiwa. Jeni yake imo katika kromosomu ya jinsi, ambayo dume huwapa watoto wake majike tu. Matokeo hayo aliyatangaza mwaka 1932.

Storey hakuridhika. Aliwachukua wadudu wasio na uwezo, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba mno. Wadudu hao wakaweza kueneza ugonjwa! Basi kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Wadudu hao walikuwa wamerithi utumbo usiopitisha virusi.

Kama mdudu hurithi uwezo, mmea nao waweza kurithi nguvu ya kuustahimili ugonjwa. Kwa hiyo katika miaka ya 1930 Storey na mwenzake, R. F. W. Nichols, waliigeukia mihogo. Batobato huenezwa na inzi weupe, na pia na pingili zilizokatwa katika shina gonjwa. Wachunguzi wa Amani waliuchanganya muhogo na mti wa mpira wa Ceará, ambao ni ndugu yake. Chotara wa kwanza waliustahimili ugonjwa, lakini mizizi yao haikufaa kwa chakula. Ikawa lazima kuwachanganya na muhogo tena na tena, mpaka chakula na nguvu vikakutana katika mmea mmoja. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na wengine waliiendeleza.

Storey alichaguliwa mwaka 1946 kuwa mwanachama wa Royal Society, chama mashuhuri cha wanasayansi huko London. Alifariki mwaka 1969. Lakini kazi ya Amani haikufa. Mbegu zake zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na huko zikazaa aina mpya za mihogo. Katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoangamiza mihogo ya Uganda, baadhi ya aina hizo zililetwa Afrika ya Mashariki kuwasaidia wakulima.

Nawe unaweza kuitumia elimu hii. Wakati wa kupanda, usichukue pingili katika shina lenye batobato, kwa maana utakuwa umepanda ugonjwa pamoja na muhogo.

Maswali
1. Kwa nini Storey aliwatenga wadudu kabla ya kuwazalisha?
2. Kutoboa utumbo wa mdudu kulithibitisha jambo gani?
3. Nenda katika shamba la mihogo pamoja na mwalimu wako. Chunguza mashina 20. Mangapi yana batobato? Andika hesabu yako katika daftari.